Koti, Sanduku na Ng'ombe wa Guka

Walisema sitavuka ule mlango wa kioo.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni kinyozi wangu wa mtaa wa Ngoingwa, Thika. "Wewe uwanja wa ndege utafika," aliniambia, mashine ikinguruma nyuma ya sikio langu, "lakini utafika kama msindikizaji. Utapunga mkono, utakunywa soda, jioni utarudi Thika." Waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu yao walicheka mpaka wakapigana mapaja. Nilikuwa nimefukuzwa kazi ya kupakia mananasi kwenye malori, na pasipoti yangu ilikuwa mpya kiasi cha kunukia gundi.

Leo nina diploma ya uendeshaji wa viwanja vya ndege. Nina nyumba Membley, na shingoni ninaning'iniza kitambulisho kinachonifungulia milango ambayo yule kinyozi hajui kama ipo. Najisifu, ndiyo. Jasho nililotoa linatosha.

Ila sikuondoka kwa mali yangu. Nilikuwa nimepata kazi ya kubeba mizigo katika uwanja mmoja wa ndege huko Ghuba, na sikuwa na tiketi, sanduku wala nguo ya maana. Babu yangu wa Ruiru, ambaye sote tunamwita Guka, aliuza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa akaninunulia tiketi.

"Sikupi," alisema. "Nakukopesha ng'ombe. Ukirudi nataka ng'ombe, sitaki hadithi."

Shangazi yangu, ambaye tunamwita Tata, alinikopesha sanduku lake la harusi. Wa tatu alikuwa mzee mmoja Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika, ambaye marehemu baba alimfanyia kazi miaka mingi. Alitoa kabatini koti la sufu, zito kama godoro.

"Hili nilivaa Uingereza, kijana. Majuu kuna baridi inaingia mpaka kwa mifupa. Ukirudi bila koti langu, usipite mbele ya duka langu. Zungukia soko."

Nilimshukuru kwa mikono miwili. Kwetu wakati huo majuu, yaani ng'ambo, yalikuwa majuu tu, na majuu yote yalikuwa na baridi. Kati yetu sote hakuna aliyefikiria kwamba Ghuba ni jangwa.

Siku ya kuondoka ukoo mzima ulikuja kunisindikiza, kama ilivyo desturi. Mchungaji aliomba palepale kwenye maegesho, akaombea rubani, mabawa na matairi. Guka alisimama kando akipiga ardhi kwa mkongojo. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, akiwa kijana mfungwa, aliletwa hapo Embakasi pamoja na wafungwa wengine kuchimba na kusawazisha njia ya kurukia ndege, kwa sepetu na karai. Baadaye Serikali ilijenga majengo mapya upande wa pili, na uwanja ukabadilishwa jina, lakini kwa Guka mambo hayo yote yalikuwa mapambo.

"Hii ardhi ni mimi niliilaza," alimwambia mchungaji. "Bila mimi, hizo ndege zingekuwa zinatua kwa mashimo."

Majivuno nimeyarithi, mnaona.

Mlangoni wasindikizaji walizuiwa, nikaingia peke yangu. Kwenye mizani sanduku likazidi uzito. Nilipolifungua nikakuta Tata amenifichia mananasi chini ya mashati, maana aliamini huko niendako watu hawajui tunda. Nilivaa lile koti, nikajaza mifuko yake majani ya chai na soksi, kisha nikarudi mlangoni na mananasi kifuani kumpa Tata.

"Wewe unaenda ama unarudi?" askari aliniuliza.

"Naenda."

"Basi mbona uko na shamba?"

Tata alipokea mananasi yake akilia na kucheka kwa pamoja. Ndivyo nilivyovuka mlango wa kioo mara mbili kwa siku moja, na kinyozi hakuwepo kuona.

Huko Ghuba joto lilinipokea kama mlango wa tanuri. Nilishuka na koti mkononi, na wafanyakazi wenzangu wakaniuliza kama nilikuwa nangoja theluji. Walinicheka kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja msimamizi alikuja akiwa amekasirika. Kazi ya kwenye vyumba vya baridi, ambako maua na mboga huhifadhiwa kabla ya kupakiwa, ilikuwa inawashinda watu. Wanatoka kwenye jua kali wanaingia kwenye barafu, kesho yake wana homa.

"Nani hapa ana nguo nzito?" akauliza.

Niliinua mkono. Hakuna mwingine aliyeinua.

Ndani ya chumba kile niliona maboksi ya waridi na ya maharagwe machanga ya mishiri yaliyoandikwa Kenya. Mengine yalitoka mashamba ya upande wetu wa Thika, mashamba ambayo nilikuwa nikipita kando yake nikienda shule. Nilisimama na koti la Kalasinga, nikacheka peke yangu. Wenzangu walishika siku mbili tatu wakatoroka. Mimi nilikaa. Nikajua ni maua gani hayavumilii kungoja, na boksi gani haliwekwi chini ya lingine. Nikapandishwa cheo, nikaanza masomo ya jioni, nikamaliza kwa diploma ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona.

Nilirudi nyumbani nikaajiriwa palepale Embakasi, kupanga mizigo ya ndege. Kabla ndege haijaruka, lazima mtu ajue abiria wameketi wapi, masanduku yamewekwa wapi, mafuta ni kiasi gani, ili isielemee mbele wala nyuma. Mtu huyo ni mimi. Rubani mwenye kofia na mistari ya begani hung'oa ndege chini akiamini hesabu yangu. Kijana aliyefukuzwa kwenye mananasi!

Mshahara ulipotulia, nilimnunulia Guka ng'ombe mwenye kiwele cha kushibisha macho, nikampeleka Ruiru kwa pikapu. Guka alimzunguka, akamtazama meno, akarudi kwenye kiti chake.

"Mrudishe."

"Guka, ana kasoro gani?"

"Ng'ombe hana kasoro. Kasoro ni wewe. Nasikia huko Thika wanasema kazi yako pale ni kuosha vyoo."

"Nani anasema? Yule kinyozi?"

"Usijali ni nani. Mimi niliuza ng'ombe ili mtu wangu apite pale waliponizuia. Sijaona ulipopita. Nikichukua huyu ng'ombe leo, nitakuwa nimelipwa na fununu."

Nilirudi na ng'ombe Membley. Alilala nyuma ya nyumba usiku huo, na majirani wenye magari ya kung'aa walinipigia simu kuuliza hiyo sauti ni ya nini. Guka amevuka miaka tisini. Angeweza kuondoka duniani akiamini nilimlipa kwa uongo.

Basi nikanunua tiketi tatu za Mombasa, kwenda asubuhi na kurudi jioni, siku ambayo mimi ndiye niliyekuwa kazini. Guka, Tata, na mzee wa koti kuwaangalia, kwa sababu yeye amezoea kusafiri.

Safari hii walipita mlangoni, askari akiwashika mkono. Guka alivua kofia na mshipi wakati wa kupekuliwa.

"Mara ya mwisho nilipokuwa hapa walinipekua nikiingia na nikitoka," alimwambia yule binti wa ukaguzi. "Lakini hawakuniita 'mzee wangu'."

Nilipanga mizigo ya ndege ile kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupanga nyingine. Kisha nikavaa fulana yangu inayong'aa, nikatembea mpaka kwenye ngazi na karatasi mkononi. Rubani alishuka kunisikiliza, akaisoma, akatia sahihi. Niliinua macho. Kwenye dirisha dogo Guka alikuwa amebana pua kwenye kioo, akinitazama. Sikumpungia. Nilikuwa kazini.

Yaliyotokea ndani ya ndege nilisimuliwa na Tata jioni.

"Wee, huyu mzee ametuaibisha! Ndege ikianza kukimbia akamwita yule msichana, akamwambia, 'Mwambie dereva apunguze mwendo, hii barabara nilichimba mimi, nataka kuiona.'"

"Na akapunguza?" nikauliza.

"Dereva alitangaza kwa spika!" akadakia Kalasinga. "Kwamba ndani ya ndege kuna mzee aliyejenga huu uwanja. Watu wakapiga makofi. Babu yako akainuka kuwasalimia, mshipi umemfunga, akarudishwa chini puu!"

Tulipitia Membley kumchukua ng'ombe na vitu vya kurudisha, kisha tukaenda Ruiru. Tata nilimrudishia sanduku lake pamoja na jipya lenye magurudumu. Alilisukuma sebuleni huku na huku kama mtoto wa kutembezwa. Mzee wa duka nilimpa koti lake lililofuliwa na kunyooshwa, na jingine jipya juu yake. Alilivaa lile kuukuu, akapapasa viwiko vilivyochakaa kwa kubeba maboksi. "Limefanya kazi kuliko mimi," alisema, akakataa kulivua.

Kisha nikamtoa ng'ombe kwenye pikapu. Guka alishika kamba. Hakutazama meno.

"Nimekuona," alisema. "Yule mwenye kofia alikusikiza wewe."

"Basi tumelipana, Guka?"

Akampigapiga ng'ombe shingoni.

"Yule wangu alikuwa na mimba."

Tata aliangua kicheko mpaka akaketi juu ya sanduku jipya. Mimi nilichukua funguo za pikapu nikarudi njiani, kwa mfugaji aliyeniuzia, giza likianza kuingia. Nilirudi na ndama jike mwenye paji jeupe, nikamfunga kando ya ng'ombe. Guka alipokea kamba ya pili, akaniambia niingie ndani nile.