Koti la Shangazi Mafinga

Najua video mmeshaiona, maana hata fundi viatu wangu ameniuliza, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe: ndiyo, yule kocha anayebebwa mabegani baada ya timu yake kufungwa ni mimi, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Nilikuwa nafundisha timu moja kaskazini mwa Malawi, huko kwenye joto la ziwani, na mkataba ulikuwa unaisha. Mwenyekiti wetu akapanga mechi ya kirafiki kwetu Mafinga, dhidi ya timu niliyoifundisha kabla sijavuka mpaka, akaniahidi kwamba mechi ikiisha tunasaini mkataba mpya. Niliwaambia wote wabebe majaketi. Mwenyekiti (mtu mzima, ana wajukuu) akaja na shati la mikono mifupi, mwezi wa saba, Mafinga! Alitetemeka mpaka nikamwonea huruma, nikavua jaketi langu la timu nikampa, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa adabu zangu.

Kipindi cha pili shangazi yangu, anayeuza chai nje ya uwanja, akaniona nimejikunyata. Akaenda nyumbani, akarudi na koti langu la zamani la timu ya Mafinga, la kijani, mgongoni limeandikwa KOCHA. Nikamnong'oneza kwamba leo mimi ni mpinzani. Akajibu mbele ya watu wote:

"Nimekutunzia miaka yote hii, leo unalionea aibu? Vaa, mwanangu, utakufa na baridi."

Wewe ungemkatalia shangazi yako hadharani? Nikavaa, nikijiambia mwili ukipata moto tu nalivua.

Basi mtangazaji wa uwanja, mtu ambaye nadhani hajawahi kuuliza kitu kabla ya kukisema, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba kocha wetu amerejea nyumbani rasmi. Nikageuka nimweleze Mwenyekiti, na wakati huohuo wenyeji wakafunga goli la mwisho, filimbi ikalia, mashabiki wakamiminika, wakaninyanyua na kunizungusha uwanja mzima, mimi napunga mikono yote miwili nikiomba wanishushe, na kwenye video eti nashangilia. Nauliza kwa hasira kabisa: mtu aliyebebwa juu apunge mikono namna gani ndipo ionekane amekasirika?

Waliponishusha nikakimbilia basi letu. Nikamweleza Mwenyekiti habari ya baridi, ya shangazi, ya koti. Alinisikiliza akiwa amefunga zipu ya jaketi langu hadi kidevuni, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko tusi:

"Kocha, watu wako wanakupenda. Baki nao."

Basi likaondoka kuelekea Nyololo, njia ya kurudi Malawi, na jaketi langu likampasha moto mzee yule mpaka mpakani.

Kesho yake nikaenda kwa katibu wa timu ya Mafinga, hao hao walionibeba. Akanipongeza sana, akasema kocha wanaye tayari, halafu akaniomba koti, kwa kuwa ni mali ya timu.

Nimeapa. Nikipata timu tena, popote pale, nitasimama pembeni ya uwanja na shati langu meno yagongane, na jaketi simpi mtu hata akigeuka barafu. Kwa sasa nipo kwa shangazi, nimejifunika blanketi lake, na kila mteja wa chai anayeingia anaonyeshwa ile video, maana shangazi anaona nilipendeza.