Tochi Tatu za Dalmas Ajwang

Dalmas Ajwang alikuwa dereva wa Daktari Hemlata, mama wa Kihindi aliyekuwa na kliniki karibu na River Road, Nairobi. Daktari alizalisha wanawake majumbani, Wahindi wa Ngara na Parklands, na mara nyingine Waafrika waliokaa vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba za Wazungu. Mwenyewe hakujua kuendesha gari. Alipoitwa, Dalmas ndiye aliyempeleka, na wakifika ndiye aliyebeba mkoba wake kwa mkono mmoja na kummulikia njia kwa mkono wa pili.

Tochi waliyokuwa nayo ilikuwa ndefu kama rungu na haikuingia mfukoni, basi mara nyingi Dalmas aliisahau garini. Siku hizo alikuwa pia ameanza kuilaumu kwamba mwanga wake umechoka. Jioni moja Daktari alijikwaa kwenye ngazi ambayo Dalmas hakuimulika, akachubuka goti. Hakumgombeza. Alimwambia tu apite dukani kwa Harjit Singh achague tochi ndogo iliyo nzuri, ya kukaa mfukoni kila siku.

Harjit aliuza vifaa vya umeme na alimfahamu Dalmas kwa miaka. Akamtolea ya kwanza, ya bati linalong'aa, urefu wa kiganja. Dalmas aliipenda mkononi. Ilikuwa nyepesi, na swichi yake ilikuwa ngumu kiasi, haingejiwasha yenyewe mfukoni ikamaliza mawe ya betri. Alikaa nayo siku chache, akairudisha. Alisema inaangaza shimo tu, pembeni hakuna kitu. Harjit hakubishana. Akampa nyingine, nene kidogo, yenye kioo kipana. Hiyo nayo ikarudi na lawama ileile.

Ya tatu ilikuwa ya shaba. Ukizungusha kichwa chake, mwanga unatanuka. Safari hii Harjit hakumwachia aondoke nayo.

"Twende stoo tuijaribu pamoja," alisema. "Mimi nimechoka kurudishiwa mali."

Stoo ilikuwa nyuma ya duka, haina dirisha. Harjit akafunga mlango. Dalmas akawasha tochi, akazungusha kichwa mpaka mwisho. Akaona duara ukutani, na ndani ya duara kalenda yenye picha ya ng'ombe.

"Unaona nini?"

"Kalenda."

"Na mimi, unaniona?"

Dalmas alidhani Harjit yuko nyuma yake. Alipoipeleka tochi huku na huku akamkuta amesimama palepale kando ya kalenda, amenyoosha mkono karibu umguse. Kisha Harjit akaichukua ile tochi, akaimulika kalenda vilevile, akaanza kutaja alichokiona bila kugeuza kichwa: ngazi, gunia, maboksi ya glopu, mguu wa Dalmas.

"Tochi ni nzima, Ajwang," alisema taratibu. "Zote tatu zilikuwa nzima."

Dalmas alinunua ile ya shaba kwa sababu hakujua la kufanya zaidi. Akarudi kwa miguu hadi kwenye gari, akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha. Alikuwa anamfikiria baba yake. Kwao Seme, baba yake alikuwa amegombana na mama kwa muda mrefu juu ya mafuta ya taa. Alimshtaki kwamba anayatia maji, kwamba utambi haukatwi vizuri, kwamba nyumba ina giza kwa uvivu wake. Mama alikata utambi kila jioni. Baadaye mzee akaanza kugonga vizingiti, na mwishowe akawa mtu wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Macho ya mchana ndiyo yalikuwa ya mwisho kumtoka.

Dalmas hakumwambia mtu. Alikaa na mkewe, Lornah, katika chumba nyuma ya nyumba ya Daktari, Parklands. Lornah aliona anavyopapasa sahani yake, anavyowahi kuingia ndani jua likianza kushuka. Jioni moja Dalmas alimkaripia kuhusu taa. Lornah akaiinua, akaisogeza mezani, karibu na mikono yake.

"Taa ni ileile, Baba Odhiambo," alisema. "Glasi nimeosha leo."

Sauti aliyoisikia Dalmas ikitoka kinywani mwake haikuwa yake, ilikuwa ya baba yake. Alitaka kumwambia mkewe usiku huo, ulimi ukagoma, maana akisema atakuwa amekwisha. Dereva asiyeona ni nani? Hakuwa na kazi nyingine, na nyumbani kulikuwa na shamba dogo na ndugu wengi. Akaendelea kuendesha. Mchana aliona vizuri. Jioni aliyafuata mataa mekundu ya magari ya mbele.

Mvua za Aprili zilipoanza, simu ikaja wakati wa magharibi kutoka Spring Valley. Mke wa mpishi wa nyumba moja huko, Selpher, alikuwa na uchungu tangu asubuhi na mtoto hatoki. Daktari akaingia nyuma na mkoba wake, wakaondoka. Mpaka Westlands palikuwa na magari mengine, Dalmas akajikokota nyuma yao. Walipokata kushuka bondeni, barabara ikawa yao peke yao. Matone kwenye kioo yaliusambaza mwanga, na zaidi ya hapo ikawa kama blanketi limeangikwa mbele yake. Gurudumu likaingia mtaroni. Akalitoa. Likaingia tena. Daktari akamwuliza kuna nini, mbona wanatambaa. Dalmas akasimamisha gari.

"Mama Daktari, mimi sioni."

Daktari alidhani anasema kioo. Akamwambia apanguse.

"Macho," Dalmas alisema. "Macho ndiyo hayaoni. Ni siku nyingi."

Hakukuwa na wa kumwita. Daktari akashuka, akaipokea tochi ya shaba, wakatembea. Yeye alitangulia akimulika, na Dalmas akafuata na mkoba, ameshika ncha ya koti la Daktari. Mara mbili alianguka, na Daktari alisimama kumngoja. Walipofika, mpishi, jina lake Zedekiah, alikuwa amesimama mvuani akiangalia barabara.

Selpher alipona. Mtoto alitoka hana pumzi, na kila alichofanya Daktari hakikusaidia.

Baadaye Daktari alimwambia Dalmas kwamba huenda mtoto alikuwa ameshakufa hata kabla ya simu. Alisema neno huenda, na Dalmas akalishika hilo. Daktari Hemlata akampeleka kwa mwenzake, daktari wa macho, ambaye alimwangalia kwa muda mrefu, akasema ugonjwa huu ni wa ukoo na hauna dawa. Dalmas akazirudisha funguo za gari siku hiyohiyo. Daktari alimtafutia kazi ya kufagia kliniki, akakataa, kwa sababu kinamama wajawazito wangempita pale kila siku.

Kabla Dalmas na Lornah hawajaondoka kurudi Seme, Zedekiah alikuja Parklands kutoa shukrani kwa ajili ya mkewe. Alileta kuku. Alikaa kitini, akasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, na kwamba usiku ule hata yeye Dalmas alijitahidi sana kutembea mvuani. Lornah alimkonyeza mumewe anyamaze. Hakunyamaza.

"Tulitembea kwa sababu yangu," alisema. "Nilijua siwezi kuendesha jioni. Nilijua toka zamani."

Zedekiah akaitazama kofia iliyokuwa gotini mwake. Akauliza kama Daktari alijua. Dalmas akasema hakujua. Mtu yule akasimama, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Kuku alibaki amefungwa miguu kando ya mlango, na hakuna aliyethubutu kumchinja. Lornah alimpa jirani.

Walipanda treni ya Kisumu wiki iliyofuata, Dalmas upande wa dirishani. Lornah alimwonyesha Ziwa Naivasha likipita. Akasema analiona. Aliona kipande chake, kilichometa, na alipogeuza macho kutafuta lililobaki, treni ilikuwa imeshapita.