Petali ya Tano

Wateja walimwita Dada Milimita. Alichora kwenye kompyuta maua ya kushonea mifarishi ya viraka, kisha mashine ya leza ikayakata kwenye kitambaa. Aliukagua kila mstari, maana mistari miwili ikilaliana, leza hupita mara mbili na kitambaa huungua.

Ua moja tu hakulinyoosha. Alilinakili kutoka kwenye kiolezo cha kadibodi cha marehemu mama yake, ambacho pasi iliunguza ncha ya petali ya tano. Ncha ile aliiacha butu vilevile.

Siku mdogo wake alipofungua karakana yake, Dada Milimita alitangulia kufika. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi, tangu hajui hata kushika kipanya cha kompyuta. Ukutani ulitundikwa mfarishi wenye ua lile.

"Hili nimelibuni mwenyewe," mdogo mtu aliwaambia wateja, macho makavu.

Dada Milimita aliigusa petali ya tano. Ilikuwa imechongoka vizuri kama zile nyingine.

"Faili langu umeliiba, haya," akasema. "Na mama je, ilibidi umfute?"