Mawe ya Bangwe na Gunia la Chumvi

"Diploma ya mawe?" aliniuliza muuza chumvi wa Ujiji niliporudi kutoka chuoni. "Huku mawe tunayakanyaga bure. Nani atakulipa kwa kuyatazama?"

Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Mwandiga, alisema nitaishia kugonga kokoto. Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu Rusimbi kurudi na diploma ya jiolojia, nilijisomesha kwa kuuza dagaa, na bado walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa mitumbwi, na karibu kila nyumba ilikuwa na wageni. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alikuja na treni kutafuta mawe ya tope. Tope la kale lilitokana na milima iliyokwisha kulika kwa mvua na upepo, akaeleza, nalo lilichanganya kidogo cha kila mlima. Ukilipima maabara, kiasi cha elementi kama toriamu, nikeli au sodiamu kitakwambia kama bara la wakati huo lilikuwa bado la lava nyeusi au limeshapika graniti, mwamba wa bara lililokomaa. Mambo hayo niliyajua tayari, nikamwambia. Akanijibu kwamba nikimletea sampuli safi kabla ya treni yake kuondoka, nitakwenda naye maabara kama msaidizi.

Sikuwa na kifaa hata kimoja. Baba mdogo aliniazima baiskeli. Nyundo niliipata Bangwe kwa mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa akigonga kokoto kando ya ziwa. Gunia nilimwomba muuza chumvi, akanirushia huku akicheka.

Nilijaza gunia mawe ya tope, nikasukuma baiskeli hadi nyumbani jasho likinitoka. Sisi wanajiolojia huwa tunang'ata jiwe la tope kidogo ili kujua kama lina mchanga. Niling'ata. Likaja na ladha ya chumvi ya Uvinza.

Nilijaribu jingine, kisha jingine. Yote yalikuwa yamekolea chumvi, kwa kuwa gunia lilikuwa na unyevunyevu. Chumvi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo mtafiti alitaka kuipima. Ningeweza kuyaosha na kunyamaza. Lakini jiwe hilo hunyonya maji pamoja na chumvi yake, na sikusoma miaka yote hiyo ili nimdanganye mtu kuhusu asili ya bara zima.

Treni ilikuwa inaondoka kesho yake. Nilimwaga mawe yote uani, nikachana shuka langu la kitanda lililofuliwa, nikarudi Bangwe.

"Amahoro, mwanangu," alinisalimu yule mama kwa Kirundi. "Umesahau nini?"

"Shikamoo, mama. Naomba tena nyundo. Yale ya kwanza yameonja chumvi."

"Na wewe umeyaonja," akasema, akinitazama meno. "Una tope mdomoni."

Wenzake waliokuwa wakigonga kokoto naye walicheka. Alinipa nyundo, na nilipoondoka na mawe yamefungwa kwenye shuka, walikuwa bado wanacheka.

Mtafiti alikwaruza jiwe moja kwa kisu, akang'ata, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilipanda naye treni.

Niliporudi kwa likizo ya kwanza, nilipita kwa wote walioniazima vifaa siku hiyohiyo. Baba mdogo nilimfungia matairi mapya, mbele na nyuma. Mama wa Bangwe nilimletea nyundo nzito kuliko yake, yenye mpini wa mti mgumu. Akaipima mkononi, akagonga nayo mara moja, jiwe likapasuka katikati. Mwishoni nikaenda Ujiji na magunia mawili mapya.

"Haya, mtaalamu," alisema muuza chumvi akiyakunja. "Mawe yetu yamesema nini?"

"Milima iliyoleta tope hilo ilikuwa ya graniti. Hapa palikuwa bara kabla ziwa halijakuwepo."

Alitazama ziwa, kisha akanisogezea kigoda chake nikae. Hakuwa amewahi kunisogezea.