Nilivyomzika Bibi kwa Shairi

Jamani, mkasa huu nimeukalia mwaka mzima, na hata leo nikipita mtaa wa Bondeni nikasikia wanafunzi wa shule yetu wanacheka nyuma yangu, nageuza njia, maana najua wanachocheka. Lakini kwa kuwa nyie ni watu wangu, na mtausikia tu kwa mtu mwingine atakayeutia chumvi (ingawa chumvi yenyewe imeshajaa), bora niseme mwenyewe: mimi Sekela, nikiwa kidato cha tatu, nilimuua bibi yangu mzaa baba Jumatatu asubuhi, na Ijumaa mchana tukapanda naye gari moja kwenda msibani kwake.

Shule yetu ni ya kanisa, na kila Ijumaa tunapewa kazi tatu za kufanyia nyumbani, moja ya Fasihi, moja ya Historia, moja ya Biblia, zote zinakusanywa Jumatatu kabla hujaweka begi chini. Wiki hiyo Madam Atupele wa Fasihi alitaka shairi la maombolezo, mwalimu wa Historia alitaka tumhoji mzee wa ukoo wetu na kuandika kurasa nne, na mchungaji anayetufundisha Biblia alitaka tueleze amri ya kutomshuhudia jirani uongo, kwa mifano ya maisha yetu wenyewe (najua, najua, nyamazeni kwanza). Mimi naishi kwa shangazi hapo mjini Kyela, kwetu hasa ni Makwale, kwa hiyo nilitakiwa nipande kwenda kumhoji Bibi, lakini Jumamosi kulikuwa na harusi ya binti wa jirani, na Jumapili nilikuwa nimechoka kwa sababu ya harusi ya binti wa jirani, ikafika jioni daftari zote tatu ni nyeupe kama mchele.

Nikaona nianze na shairi maana ndilo fupi. Sasa nimwombolezee nani? Kwetu hakuna aliyekufa karibuni. Babu alifariki kabla sijazaliwa, simjui hata kwa picha. Nikamkumbuka Bibi Tuntufye, mzima kama jiwe la kinu, nikasema huyu namjua vizuri, nikimlilia yeye maneno yatakuja. Na kweli yalikuja! Mpaka leo sijui yalitoka wapi:

*Bibi yangu umelala, mpunga nani atwange,*
*Jiko nalo limelala, kuni nani azipange.*

Beti sita za namna hiyo. Nikajililia mwenyewe mezani, shangazi akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu Madam akachagua kusoma la kwangu mbele ya darasa. Mjue mimi kwenye Fasihi nilikuwa mtu wa kuchekwa. Shairi langu la kabla ya hapo lilihusu baiskeli na hata vina havikuwepo. Safari hii darasa likatulia. Madam akafika ubeti wa tano, sauti ikamkatika. Akavua miwani, akaja mpaka kwenye dawati langu, akanikumbatia, akaniambia polepole kwamba na yeye amempoteza mama yake mwezi uliopita, wamemzika kwao Singida, na tangu arudi kazini hajapata wa kulia naye. Kisha akauliza, "Bibi amefariki lini, mwanangu?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yangu. Neno moja tu, "nimetunga," lingetosha. Lakini wanafunzi arobaini walikuwa wananiangalia kwa heshima, Gwamaka kiranja wetu (aliyecheka baiskeli yangu kuliko wote) macho yamemlegea, na Madam amenishika mkono na machozi yake hajayafuta.

"Jumamosi, Madam," nikasema.

"Alikuwa anaumwa?"

"Presha."

Basi, imekwisha. Nikasamehewa kazi ya Historia. Nikasamehewa na ya Biblia, mchungaji mwenyewe akanishika kichwa akaniombea, na nilipofumba macho nilikuwa naona aibu kidogo, lakini kusema kweli nilikuwa nafurahi zaidi, maana siku hiyo kila mtu alinigawia karanga.

Furaha ikaisha Jumatano kwenye paredi. Mkuu wa shule akasimama akatangaza kwamba mwenzetu Sekela amefiwa, na kwa kuwa mfiwa hasusiwi msiba wake, Ijumaa mchana kidato cha tatu wote watapanda kenta ya shule kwenda Makwale kuhani, kila mwanafunzi aje na alichojaliwa. Nikajifunika uso kwa mikono. Wenzangu wakadhani ni uchungu, wakanikalisha kivulini.

Nikamfuata Madam nikamwambia wasijisumbue, Bibi tumeshamzika, tena ng'ambo, Malawi, kwa ndugu zake. Akasema, "Kaburi likiwa mbali, ndipo walio nyumbani wanahitaji watu, Sekela. Mimi najua." Kumwambia ukweli wakati huo niliona ni sawa na kumzika mama yake mara ya pili.

Ndipo nikatunga uongo mwingine wa kuusaidia wa kwanza. Nikasema, kama siwezi kuuzuia msiba, basi nimwondoe marehemu. Alhamisi jioni nikachukua simu ya shangazi, nikampigia Bibi, nikamwambia nimesikia mdogo wake anayeishi ng'ambo ya mto Songwe anaumwa sana, kesho asubuhi na mapema aende akamwone, tena alale huko huko. Bibi akasema, "Ndaga fijo, mjukuu wangu, umefanya vizuri kuniambia." Yaani ananishukuru! Mama yangu mzazi nilipanga nimwahi mimi nikishuka kwenye gari, nimnong'oneze anisitiri mara moja tu. Ulikuwa mpango wa kijinga, lakini nilikuwa sina mwingine.

Ijumaa kenta ikajaa. Mchele, mikungu ya ndizi, kuni, sukari, na sufuria kubwa ya shule ambayo Gwamaka aliikumbatia kama mtoto. Mimi nikapewa kiti cha mbele, heshima ya mfiwa, katikati ya dereva na Madam, nimefunikwa khanga kichwani mpaka usoni. Nyuma wanaimba nyimbo za maombolezo kwa sauti zote nne, watu njiani wanavua kofia, wengine wanashuka kwenye baiskeli. Mimi ndani ya khanga naomba gari liharibike.

Gari halikuharibika. Lilisimama lenyewe kwenye njia panda ya kuingia Makwale, na nikamsikia dereva akisema, "Kuna bibi kizee hapo ana mzigo, tumsaidie?"

"Apande mbele huku," Madam akasema, "nyuma hakuna nafasi ya mtu mzima."

Mlango ukafunguliwa. Nikasikia harufu ya ugoro na sabuni ya kipande, na kabla hajatamka neno nikajua. Bibi yangu! (Baadaye nilielewa: alipofika Kasumulu, hata hajavuka mpaka, alimkuta mdogo wake yuko sokoni, mzima, anapigania bei ya vitenge, na alipomuuliza habari za ugonjwa, mdogo wake akauliza ni mchawi gani anayemwombea mabaya. Kwa hiyo Bibi alikuwa anarudi nyumbani na jina langu mdomoni.)

Madam akashuka kumpisha, naye akakaa katikati yetu, tukabanana. "Mugonile," akasalimia, kisha akanitazama nilivyofunikwa, akanihurumia, mkono wake ukaja mgongoni kwangu. "Pole, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, yupo. Usilie sana." Kisha akamgeukia Madam. "Amefiwa na nani?"

"Bibi yake, mama. Hapa hapa Makwale."

"Makwale? Mimi ni wa Makwale, nimetoka asubuhi tu, sijasikia kilio. Ukoo gani?"

"Anaitwa Bibi Tuntufye," Madam akasema. "Huyu ni mjukuu wake, Sekela."

Mkono mgongoni ukasimama. Nilijua sasa atapiga kelele, gari litasimama, nitashuka na kukimbilia mtoni. Bibi hakupiga kelele. Vidole viwili vilishuka taratibu mpaka kwenye nyama ya ubavuni, vikaminya, vikazungusha.

"Ooo," akasema. "Bibi Tuntufye. Namfahamu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Madam akauliza kwa upole.

"Mtu mzuri mno. Tatizo alikuwa na mjukuu."

Dereva akakohoa. Bibi akaendelea, "Na amekufa kwa nini?"

"Presha, mama."

"Presha! Kweli. Hata mimi naisikia inapanda."

Madam, masikini, akamwambia na uzuri wa shairi langu, akamsomea beti mbili alizozikariri, na Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tangu lini huyo marehemu anatwanga mpunga wakati mashine ya kukoboa iko jirani. Na ubavu wangu bado uko kwenye vidole!

Tulipofika nyumbani sikuwahi kushuka wa kwanza. Mama alikuwa uani anageuza kakao kwenye mkeka, akaona kenta, akasikia nyimbo, akaja anakimbia, na Gwamaka akaruka chini na sufuria yake, akasema kwa adabu zote, "Poleni sana kwa msiba wa Bibi."

Hapo ndipo jambo lilipoacha kuchekesha, jamani. Mimi mpango wangu ulikuwa na kila kitu isipokuwa kitu kimoja: Mama alijua Bibi amesafiri asubuhi. Kwake yeye, gari limeleta habari ya njiani. Alijishika kichwa, akajitupa chini kwenye kakao, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia likitoka kwa mama yangu. "Mamaaa! Nilimwambia asiende peke yake!" Majirani wakatoka mashambani na majembe, wanawake wakaanza kuitikia kilio, kuku wakatawanyika, na kwa dakika nzima msiba ukawa msiba kweli. Mimi nimekwama kwenye gari, nalia, na safari hii nalia kweli, sauti haitoki.

Bibi akashuka. Akaweka mzigo wake chini, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Nyamazeni! Marehemu amefika, anaomba maji ya kunywa!"

Weee! Gwamaka alitupa sufuria akaingia kwenye migomba na sare zake, na robo ya darasa ikamfuata. Mjomba mmoja akapiga magoti. Mama akanyanyua uso uliojaa kakao, akamwangalia Bibi, akamgusa mguu kwanza kuhakikisha, kisha akamkumbatia akimlaumu kwa kufa. Madam Atupele yeye alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akanitazama mimi. Nilifunua khanga nikasema mbele ya watu wote, "Nimetunga, Madam. Bibi hajafa. Nimetunga."

Ningependa kuwaambia alinigomba. Hakunigomba. Aliuliza tu, "Nilipokueleza habari za mama yangu, Sekela, ulikuwa unawaza nini?" Nilikuwa siwazi kitu, nilikuwa nafurahi kutochekwa.

Mama alikuwa ameshachuma fimbo, lakini Bibi akamzuia, akauliza, "Mama wa mwalimu?" Mtu akamweleza. Bibi akaenda akakaa kwenye vumbi pembeni ya Madam, miguu ameinyoosha, akamshika mkono. "Mmezika lini?"

"Mwezi uliopita. Singida."

"Na shule ilikuja?"

"Ni mbali, mama. Hawakuweza."

Bibi akatazama ule mchele, ndizi na kuni, akawatazama watoto waliokuwa wanachungulia kutoka kwenye migomba. "Njooni," akawaambia. "Msiba upo. Ila mlikosea jina tu. Imbeni."

Wakaimba. Kwanza kwa woga, halafu sauti zote nne zikakaa sawa, na Madam akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana wiki nyingi, na wanawake wa Makwale ambao hawajawahi hata kufika Singida wakalia naye, wakamuuliza jina la mama yake, wakalitaja. Kisha wali ukapikwa, ukaliwa, na vyombo vyote, sufuria ile kubwa ikiwemo, nikaosha mimi peke yangu, mara mbili, kwa kuwa Bibi alisema mara ya kwanza havikutakata.

Jumatatu nilisimama kwenye paredi nikaeleza yote, mchungaji akaniongezea kurasa kumi za ile amri, na daftari la Fasihi likarudi limeandikwa kwa wino mwekundu: *Shairi zuri. Maksi zinabaki. Mtunzi aje na mzazi.* Mzazi aliyekuja ni Bibi mwenyewe, kwa miguu yake, na wanafunzi wakampigia makofi tangu getini.

Ila kuna neno aliniambia siku ile baada ya gari kuondoka, tumekaa jikoni, hasira zimemwisha. Alisema, "Unajua, ndani ya gari nilicheka. Lakini mama yako alipoanguka, niliona siku yenyewe itakavyokuwa. Ulinionyesha kitu ambacho sikuomba kukiona." Akasukuma kuni ndani. Nilitamani anifinye tena, nisisikie maneno yale.

Kwa hiyo mwenzenu nimeapa. Nitachelewa kukusanya kazi, nitapigwa, nitachekwa, nitaandika mashairi ya baiskeli mpaka namaliza kidato cha nne, lakini mtu aliye hai simziki tena kwa mdomo wangu, hata awe kuku.