Mbwa Aliyeitwa Hamtulishi

Juzi mjukuu wangu kaja na kitoto cha mbwa ndani ya ndoo. Kakiokota barabara ya Madimba, mama wa kitoto hicho kagongwa na lori. Ni chotara: miguu mirefu kama ya mbwa wa walinzi, mwili wa mbwa wetu hawa wa kijijini, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nilipoliona lile sikio, mwenzangu, nikakaa chini.

Nilikuwa na wangu kama huyo, zamani, nilipolelewa na bibi yangu karibu na kivuko cha Kilambo. Nilimtoa kwenye gunia lililotupwa matopeni ukingoni mwa Ruvuma, wenzake wote wameshakufa. Bibi hakutaka mbwa. Lakini asubuhi ile jirani yetu alikuwa amemsema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba kwetu tunashindia ming'oko, vile viazi vya porini, kwa uvivu wa kulima. Bibi akamtazama mbwa, akatazama ua wa jirani. "Atakaa," akasema. "Jina lake Hamtulishi."

Kwetu mbwa alipewa jina la kumjibu mtu. Wakubwa walijua. Mimi niliona ni jina tu. Kila jioni nilisimama uani na kifuu cha ugali wa muhogo na vichwa vya samaki, nikapaza sauti: "Hamtulishi, njoo ule." Nilikuwa na koo, si mchezo. Bibi husema toka jikoni, "Hajasikia huyo, ita tena." Naita tena, na jirani anatwanga mpaka kinu kinataka kupasuka. Mbwa alilala mlangoni kwangu. Tukienda kuokota korosho, nyani walikaa mbali.

Halafu mjomba wangu akampenda binti wa jirani. Posa ikapokelewa, likabaki neno moja. Jirani akasema, "Simwozi mwanangu kwenye ua ninaotukanwa kila jioni."

Bibi akacheka. "Mbwa tu yule, mkwe mwenzangu."

Nilijaribu kumbadilisha jina. Kutwa nzima nilimwita Simba, kifuu mkononi. Hakugeuza hata shingo.

Akapatikana mtu wa ng'ambo, upande wa Msumbiji, wa kumchukua. Wakamfukuza mpaka mtoni, hakamatiki. Bibi akanijia na sauti ya asali: "Mwite wewe, mjukuu wangu. Anakwenda kuwinda nguruwe tu, atarudi na mtumbwi wa jioni." Nikaingia mtumbwini, nikamwita kwa jina lake. Akaja mbio, akaruka ndani, akaniegemea. Mimi nikashushwa.

Mtumbwi wa jioni ulirudi na magunia ya mahindi. Nyumbani nikawakuta bibi na jirani wanakula sinia moja. Ming'oko. Jirani anasema, "Niongezee, mkwe." Bibi akaniona mlangoni. "Na wewe njoo ule."

Sikula.

Wote wawili wamekufa, na ndoa yenyewe haikufika mbali. Ua ule umemezwa na vichaka, siwezi hata kukuonyesha jiko lilikuwa wapi. Bibi alinipenda, sikatai. Lakini koo langu alilitumia mara mbili, na ya pili sijamsamehe.

Sasa mjukuu ananiuliza kitoto kiitwe nani. Mke wa mwanangu, ambaye hasemezani na mwenye duka hapo jirani, akadakia: "Aitwe Mtachoka."

Nikasema aitwe Simba. Na aanze kuitwa leo, kabla hajazoea jingine.