Nyumba ya Kuonyeshwa Bila Taa

Opicho ana miaka hamsini na minane, na ukimsikiza yeye, amewasha nyumba nyingi Eastlands kuliko jua lenyewe. Anaishi Kaloleni, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, aliyoachiwa na baba yake aliyefanya kazi reli. Ukimtembelea utamkuta chini ya balbu moja yenye vumbi la miaka mitatu, maana mafundi wa Nairobi wamekubaliana kwa siri kwamba nyumba zao wenyewe hazihesabiki.

Kazi ya stima aliijulia kiwandani, Industrial Area. Alfajiri alikuwa akitembea pamoja na vibarua wa Mukuru, na mchana kutwa akimshikia fundi mkubwa tochi. Siku moja fundi mkubwa alirushwa na umeme hadi ukutani, akainuka, akajipangusa, akatangaza kwamba yeye tangu zamani alitaka kufuga kuku. Opicho akabaki na bisibisi.

Miaka hii ya karibuni kazi yake imepata mkondo mpya. Mabroka, madalali wa nyumba, humwita kabla mnunuzi hajaja kuona nyumba. Opicho hubadilisha balbu, husogeza taa kutoka katikati ya dari, huifanya sebule nyembamba ionekane pana na ukuta wenye ufa uonekane una aibu tu. "Nyumba ni kama bwana harusi," husema. "Usimwanike mchana wote kwa mara moja."

Basi alipopigiwa simu na Mama Nafula wa Umoja, alienda mbio, na malipo hakuyataja. Marehemu Wandera, mume wa Mama Nafula, alikuwa rafiki yake, na nyaya za nyumba ile walizipitisha wawili, wakibishana. Sasa mjane alitaka kuuza. Magoti yake yalikuwa yamechoka na Nairobi, na huko Kimilili, ua kwa ua na dada yake, palikuwa na kipande cha shamba ambacho mwenye kukiuza alikubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kilikuwa kinaenda kwa mtu mwingine. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Wanunuzi wanne wamekuja," Mama Nafula akamwambia. "Wanasifu sebule, wanasifu vyumba. Wakifika jikoni wanaangalia saa."

Sababu haikuhitaji diploma. Miaka tisa iliyopita jirani, Ndirangu, alisimamisha ghorofa tano hatua mbili kutoka dirisha la jiko lile. Mbele aliipiga plasta na rangi ya machungwa. Upande wa Mama Nafula aliacha mawe matupu, yakashika moshi na ukungu hadi yakawa meusi. Tangu hapo, ndani ya jiko hilo, saa sita mchana ilikuwa inafanana na saa moja jioni. Na tangu hapo Mama Nafula hakuwahi kumsalimia Ndirangu. Wakikutana dukani, alikuwa anajifanya anasoma karatasi ya mkate.

Opicho aliingia kazini. Tatizo lake ni moja, nalo ni la mafundi wote wa rika lake hapa kwetu: anaamini kwamba nyumba ya kisasa lazima iwe na ukanda wa taa za rangi ukizunguka dari. Akaufunga sebuleni. Zambarau, buluu, kijani, na rimoti ya kuzibadilisha. Jikoni akatia balbu kali tatu, na jiko likang'aa kama chumba cha kung'olea meno.

Jumanne akaja Deeqa, mwanamke anayeuza vitambaa kwa jumla Eastleigh, pamoja na mumewe Abdifatah. Deeqa alisimama mlangoni, zambarau ikimpaka usoni.

"Fundi," akasema, "hapa palikuwa baa?"

"Hapana, dada. Ni sebule tu."

"Mimi naona iko sawa," akasema Abdifatah, ambaye tayari alikuwa ameipata rimoti.

"Abdi, weka hiyo kitu chini."

Deeqa akaenda jikoni. Akaziangalia zile balbu tatu, akanyoosha mkono, akazima. Giza likarudi mahali pake kama mpangaji aliyetoka kidogo kununua maziwa.

"Anayekuja kukaa hapa ni mama yangu," Deeqa akasema. "Anapika mwenyewe, hakubali kupikiwa. Jumamosi saa nane nitamleta. Na fundi, siku hiyo usiwashe taa hata moja. Taa naweza kununua. Nataka kuona kile siwezi kununua."

Walipoondoka, Mama Nafula alikaa kwenye kiti cha jikoni, leso mapajani.

"Umenimaliza, Opicho."

"Shemeji, nilidhani watu wa mjini wanapenda rangi."

"Wandera alikuwa akisema mkono wako ni mzuri, lakini macho yako ni ya disko."

Opicho akaanza kukunja waya zake. Kati ya maneno yote aliyowahi kutupiwa, na ameshatupiwa mengi, hilo lilimwingia, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye asingeweza kubishana naye tena.

Kesho yake alirudi kuzibandua taa za rangi. Alikuwa juu ya ngazi sebuleni, amenuna, alipoona jikoni pamepata mwanga. Akashuka. Balbu zilikuwa zimezimwa. Nje, kwenye kile kichochoro, Mama Nafula alikuwa ameanika shuka jeupe mbele ya ukuta wa Ndirangu. Opicho akatoka, akaliondoa shuka. Jiko likawa jeusi. Akalirudisha. Jiko likaamka.

"Unacheza na shuka langu?" Mama Nafula akauliza kutoka dirishani.

"Shemeji, jua halijakatwa. Linashuka hapa kama kawaida, ila linamezwa na mawe meusi. Ukuta huu ukiwa mweupe, utakurushia mwanga ndani mchana kutwa."

"Ukuta si wangu."

"Najua. Tuuombe."

"Yule alininyima jua, sasa nimwombe ukuta?"

"Rangi ninayo mimi, ilibaki kazini Buruburu. Nitaenda nimwombe."

Mama Nafula aliyatazama mawe yale. "Ukienda wewe, ataona nimemletea wakili," akasema. Akaweka mayai sita kwenye bakuli, maana kwa watu haendi mikono mitupu, akajifunga leso, akaingia ploti ya Ndirangu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Opicho akafuata nyuma, mbali kidogo, kama askari asiyetaka vita.

Ndirangu alikuwa ameketi mlangoni kwake, amevaa sweta, akisikiliza redio. Alipomwona alisimama kwa pupa.

"Mama Nafula. Nani amefariki?"

"Hakuna. Nataka kuupaka ukuta wako rangi nyeupe, upande wangu. Nauza nyumba, na jiko ni giza."

Ndirangu akazima redio. Alipokea bakuli, akayaangalia mayai kana kwamba yameandikwa kitu.

"Pesa ziliniisha nikifika upande wako," akasema polepole. "Nikasema nitarudi nimalizie. Nikipita hapo huwa ninatoa simu, nijifanye naongea. Ngojeni nilete ngazi, hiyo ya fundi haifiki juu."

Alhamisi na Ijumaa wazee wawili wakapiga chokaa, kisha rangi, wakigombana juu ya brashi. Kila dakika kumi Mama Nafula aliwaambia washuke wanywe chai kabla hajapata misiba miwili.

Jumamosi saa nane Deeqa alimleta mama yake, Bi Kaha, ajuza mwembamba mwenye miwani. Sebule aliipita bila kugeuka. Jikoni alimkuta Mama Nafula na sinia la maharagwe, akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua naye bila kuambiwa. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Opicho alisimama karibu na swichi, mikono nyuma, kama aliyejifunga pingu mwenyewe.

Bi Kaha akatoa kijiwe kidogo, akakiinua, akakiweka pembeni.

"Nimekiona," akasema. "Huu ukuta mweupe ni wako?"

Opicho alikuwa na jibu tayari, tamu, la kibroka. Mama Nafula akamtangulia.

"Ni wa jirani. Tumeupaka jana, ndio jikoni paonekane."

Opicho akafumba macho.

"Na ukichakaa?"

"Itabidi umwombe tena."

"Ni mtu wa aina gani?"

Hapo palikuwa na maneno ya miaka tisa, yamepangwa na kunolewa. Mama Nafula aliyachambua kama maharagwe.

"Alinizibia jua," akasema. "Na nilipomwomba, alileta ngazi mwenyewe. Ni mimi nilichelewa kuomba."

Bi Kaha akamgeukia binti yake, wakaongea Kisomali kwa muda mfupi. Kisha Deeqa akasema, "Hooyo, mama yangu, anasema mwenye kusema hivyo juu ya jirani hawezi kuwa ameficha ubovu wa paa. Tutachukua. Jumatatu twende kwa wakili."

Mama Nafula akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Lakini mawe alikuwa anayaacha pamoja na maharagwe. Opicho akasogea, akamwondolea sinia mapajani taratibu, akachuchumaa pale dirishani, akamalizia yeye.